Unga wa Mjerumani

Siku ile wabomoaji walipopanda juu ya paa la udongo la jirani na kuanza kulichimbua kwa majembe, Loisi alikuwa amepiga magoti chumbani mwake, kisu cha jikoni mkononi, akichokoa ukuta. Hakuwa akibomoa, la hasha. Alikuwa akichagua. Udongo wa karibu na mlango una chenga, hukwaruza meno. Wa upande wa jiko unanuka moshi kupita kiasi. Lakini ule wa ubavuni mwa kitanda, chini kidogo ya usawa wa mto, ulikuwa laini kama unga wa uwele uliosagwa ukachekechwa. Alibandua bonge la kadiri ya ngumi, akalipuliza vumbi, akaliweka kando ya makaa mpaka likatoa ile harufu ya ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Kisha akalifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu na kumkabidhi mwendesha bodaboda aliyekuwa akielekea Mpwapwa.

"Mpe binti yangu Paskalia mkononi mwake," alimwambia. "Mwambie ni ukuta wa kwao."

Mwendesha bodaboda hakushangaa. Alikuwa mzaliwa wa Chilunje, na mtu wa Chilunje haulizi kwa nini ukuta unasafirishwa. Mjamzito popote pale hutamani udongo. Hata sokoni Mpwapwa udongo huuzwa kwenye visahani kando ya dagaa. Wanawake wa Chilunje, kwa majivuno yao, hawakula udongo wa sokoni. Binti aliyeolewa mbali akishika mimba, mama yake alimtumia kipande cha nyumba aliyokulia, ili mtoto aijue harufu ya kwao kabla hajaliona jua. Mama asiyetuma alisemwa kisimani mpaka akome, na Loisi hakuwa mtu wa kusemwa. Alituma kila alipopata wa kumtuma.

Na udongo wenyewe haukuwa udongo wa hivi hivi. Zamani Mjerumani alipofika kwenye kilima cha Chilunje na kuona mwamba mweupe wenye chembe za njano, aliwatia babu zao shimoni kwa kiboko. Mwingereza akaja akamfukuza Mjerumani, akakikuta kiboko bado kizima, akaendelea nacho. Mwamba ulitolewa, ukapondwa kwa mashine zilizosikika mpaka kwenye reli kule Gulwe, ukasagwa ukawa unga, ukaoshwa kwa madawa, dhahabu ikaenda zake. Walipoondoka waliacha mashimo, kuta za nyumba ya mashine, na kilima kizima cha unga wa kijivu ambao hakuna jani lililokubali kuota juu yake. Watu wakauita unga wa Mjerumani, ingawa mwingi wake aliusaga Mwingereza. Huyo hakulalamika.

Wake za wachimbaji hawakuwa watu wa kuacha kitu kipotee. Waliuchanganya unga ule na samadi na maji wakakandikia tembe zao, kuta na mapaa, wakaona maajabu. Haukupasuka kwa jua. Mvua haikuupenya. Na mchwa, ambao katika nchi ya Ugogo hula hata mpini wa jembe ulilolisahau nje, hawakuugusa kabisa. Nguzo za nyumba za Chilunje ziliishi kuliko watu waliozichimbia. Basi kila mwaka kabla ya mvua, mama mkwe na mkamwana walisimama bega kwa bega, wakaongeza tabaka juu ya tabaka, hata kuta zikanenepa na mapaa yakawa mazito. Waliona fahari. Wageni walioshangaa kuona kijiji kisicho na mchwa waliambiwa kuwa huo ndio ujira pekee ambao Mzungu alilipa.

Sasa dhahabu imepanda bei, na watu wa vati wakaja. Vati ni birika kubwa la saruji. Mchanga uliokwisha kuoshwa zamani hujazwa humo, humwagiwa maji ya sianidi, na chembe zilizoponyoka kwenye mashine za kale hukamatwa. Mchanga wa namna hiyo wachimbaji huuita marudio. Kilima cha unga kililiwa chote, kikafagiliwa mpaka kwenye mwamba. Kilipokwisha, mwenye vati akainua macho akakiona kijiji.

Akaanza kununua nyumba. Hakutaka kiwanja wala mlango. Alitaka udongo wa ukutani na wa darini. Watu walitoa masufuria na magodoro yao, wakasimama pembeni na kutazama nyumba za bibi zao zikipakiwa kwenye lori. Waliohamia kwenye vyumba vya tofali na bati walisema sasa wamestaarabika. Tembe ya Loisi ikabaki peke yake katikati ya mabaki ya misingi, kama jino moja kwenye ufizi wa kikongwe.

Shemeji yake Yoramu, mdogo wa marehemu mumewe Joel, alikuja kumshawishi mara nyingi hata mbwa akaacha kumbwekea. Alikuwa mtu mwenye maneno matamu na viatu vibovu. Alimwambia Loisi kwamba analala juu ya mali ilhali watu wanakula mlenda bila chumvi. Kwamba Joel mwenyewe angekuwa hai angeshauza. Kwamba nyumba ni ya ukoo. Loisi alimsikiliza huku akipepeta uwele wake, na jibu lake lilikuwa lile lile. Joel alizaliwa katika chumba hiki, akafia humu na kikohozi chake cha vumbi la mawe. Paskalia anakuja kuzaa humu, kwa kuwa mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Akishajifungua, njooni tuongee.

Hakusema kilichokuwa moyoni, maana Yoramu alikijua. Nyuma ya zizi kulikuwa na mawe madogo yaliyopangwa kando kwa kando, na chini ya kila jiwe kulikuwa na mtoto wa Loisi. Mmoja alizaliwa na rangi ya majivu, hakulia. Mmoja alilia, akanyonya, akafika Kwaresima, hakuiona Pasaka. Wengine hata majina hawakupewa. Hakuwa peke yake katika hilo. Watu wa Gulwe walikitania Chilunje kuwa ni kijiji cha mtoto mmoja, nao wa Chilunje walicheka kwa nje. Wazee walichinja kondoo mweusi kuomba radhi kilima kilichotobolewa. Mchungaji alikesha na waumini. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na mawe yaliendelea kupangwa nyuma ya mazizi.

Paskalia peke yake ndiye aliyebaki. Mimba yake Loisi aliibeba akiwa Gulwe, akimuuguza mama yake mzazi, na alirudi Chilunje na mtoto mgongoni baada ya matanga. Watu walisema bibi alikufa akamwachia mjukuu pumzi zake. Loisi aliamini hivyo, na kila alipomtazama Paskalia alimshukuru mama yake. Sasa alikuwa na haja moja tu katika dunia hii: ashike mtoto wa Paskalia aliye hai. Akishamshika, na nyumba ichukuliwe, na yeye mwenyewe achukuliwe.

Paskalia alifika mchana wa jua kali, tumbo mbele, uso umemsinyaa. Mumewe alikuwa kwenye vibarua vya ujenzi Dodoma mjini. Angekuja mtoto akizaliwa. Hata kabla hajapewa maji, alimweleza mama yake kwamba udongo aliomtumia ulikuwa umekwisha tangu juzi, na kwamba mtoto ana tabia ya ajabu: asipokula udongo, mtoto hulala kimya, akitafuna kidogo tu, mtoto hugeuka na kupiga teke. Loisi alicheka mpaka akashika mbavu. Huyo ni wa Chilunje huyo, alisema. Anaijua nyumba yao kabla hajaiona.

Alimtandikia upande wa ukutani. Pale ubavuni mwa kitanda palikuwa na kishimo kilicholainishwa kwa vidole. Mama mkwe wa Loisi alikianzisha, Loisi akakirithi. Kila msimu kilisiribwa, na kila mimba kilifukuliwa. Paskalia alijilaza, akanyoosha mkono bila kutazama, na vidole vyake vikakipata chenyewe. Loisi alimwangalia akitafuna huku amefumba macho, akahisi furaha ambayo hakuwa ameihisi tangu Joel yu hai. Alikwenda nje akamchinja jogoo.

Walikaa hivyo kwa raha zao. Jioni waliota moto wa jiko na kulinganisha viganja. Vya Loisi vilikuwa vigumu, vimejaa vinundu kama punje za mtama. Vya Paskalia, kijana kama alivyo, vilikuwa vimeanza vivyo hivyo. Viganja vya Chilunje, walisema. Viganja vya watu wanaofanya kazi.

Asubuhi moja Yoramu alikuja na mgeni, kijana mwembamba aitwaye Denis, mzaliwa wa Kondoa aliyesomea madini chuoni kule Chimwaga na ambaye sasa alichukua sampuli kwa niaba ya mwenye vati. Yoramu alisema wamekuja kupima tu. Kupima si kuuza. Siku nyingine Loisi angewatoa mbio na mchi. Lakini yule kijana alivua kofia, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akaulizia hali ya wagonjwa na mifugo kama mtu aliyelelewa. Loisi akajibu marahaba na kumruhusu kukwangua.

Denis alikwangua nje, akakwangua darini, akatia vumbi kwenye vifuko vya plastiki. Alipoingia chumbani, Paskalia alikuwa ameketi kitandani, shavu moja limevimba.

"Dada, unakula nini?" Denis aliuliza.

"Ukuta," Paskalia akajibu, na akamcheka alivyokodoa macho.

Denis hakucheka. Alitazama kishimo, akatazama tumbo, akatazama viganja vya Paskalia vilivyokuwa vimelala mapajani. Kisha akamwomba Loisi watoke nje. Yoramu alikuwa upande wa pili akiukadiria ukuta kwa mikono yake, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mama, naomba usimpe tena," Denis alisema.

Loisi alimuuliza kama anaogopa mjamzito mmoja atamaliza dhahabu yao. Kijana akatikisa kichwa. Alizungumza kwa sauti ya chini, macho yakimkimbilia Yoramu, na maneno yalimtoka vipande vipande. Alisema kwamba ndani ya mwamba wa Chilunje dhahabu ililala kitanda kimoja na sumu, aseniki, ile ambayo zamani watu waliulia panya, nayo humwotesha mtu vinundu viganjani. Mashine za kale zilisaga vyote viwili, zikachukua kimoja, zikaacha kingine. Kila shehena ikipimwa, majibu ya maabara huonyesha dhahabu kiasi gani na sumu kiasi gani, na mwenye vati husoma la kwanza tu. Yeye mwenyewe aliwahi kulitaja la pili kazini, akaambiwa aangalie kilichomleta.

"Sisi tumeula," Loisi alisema. "Mama zetu waliula."

"Na watoto, mama? Wako wapi?"

Hakuliuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mgeni yeyote, asijue mlango anaousukuma. Loisi alitazama juu ya bega la kijana, kule nyuma ya zizi. Denis aligeuka akaona alichokuwa akikitazama. Akavaa kofia yake, akaivua tena. Alisema yeye si daktari, pengine amekosea, pengine mtoto wa dada hana neno, lakini asile. Kisha akaenda zake haraka, na kifuko kimoja cha sampuli akakisahau kwenye kizingiti.

Loisi aliketi juu ya kinu kilicholala ubavu. Kwanza alimchukia Denis, maana aliyeleta habari ndiye aliyekuwa karibu. Kisha akamchukia Mjerumani, ambaye hakuwahi kumwona. Akamchukia mama mkwe wake, aliyekuwa akimkatia vipande vizuri na kumwambia, kula mwanangu, kula ushibe. Mwisho chuki ikakosa pa kwenda, ikamrudia. Alikumbuka mimba moja baada ya nyingine, na katika kila moja alijiona amelala ubavu, akitafuna, akiwa na raha. Akakumbuka Gulwe. Kule udongo ulikuwa mwekundu wenye chumvi. Aliuonja siku moja ukamchefua, akautema, na mimba nzima hakula tena. Bibi hakuacha pumzi zozote. Ni kwamba ukuta ulikuwa mbali.

Mtu akipata msiba hulia, na majirani humjia. Huu ulikuwa msiba wa watoto waliokwisha kuliliwa zamani, na Loisi hakujua unaliliwaje upya. Aliinuka, akachukua samadi mbichi na maji, akaingia ndani na kukiziba kile kishimo kwa kiganja chake. Paskalia alimuuliza afanyalo. Loisi alimwambia yote, kama alivyoambiwa, bila kupunguza.

Paskalia alicheka kidogo, kisha akaacha. Alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Lakini mama," alisema polepole, "si wewe uliyenipa?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyepotea anavyouliza njia, na Loisi akatoka nje akajifanya anafukuza kuku.

Kesho yake walikwenda Mpwapwa. Mkunga aliyempima Paskalia alikuwa mama mwenye upole na macho ya kuchoka. Alisikiliza tumbo kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema moyo wa mtoto upo, ila unakwenda kwa unyonge, na mtoto ni mdogo kwa umri wake. Kuhusu ile sumu, kipimo chake hapo hakikuwapo. Kingetafutwa Dodoma mjini, na huko nako huenda kikapelekwa mbele zaidi. Majibu yangerudi mtoto ameshazaliwa. Loisi alimuuliza kama kuna dawa. Mkunga alimshika mkono, akaona vile vinundu vya kiganjani, akavipapasa kwa dole gumba. Kisha akasema wasubiri.

Kutoka hapo walipita nyumbani kwa wakwe wa Paskalia. Loisi alikuwa ameshaamua kumeza aibu na kuomba Paskalia azalie huko, mila na iseme itakavyo. Alimweleza mama mkwe wa binti yake habari ya ukuta, akidhani kwamba mama huwasikia mama wenzake. Yule mama alikumbuka vile vifurushi vya kanga, alivyokuwa akivipokea mwenyewe mlangoni kwa mikono miwili na kumpelekea mkamwana wake kitandani.

"Ulitutumia sumu, mama Paskalia," alisema. "Ukaifunga kwenye kanga, nami nikashukuru. Basi kazalieni huko huko ilikotoka."

Walirudi Chilunje na mzigo wao. Njiani mara moja Paskalia aliweka kichwa begani mwa mama yake, na Loisi hakujua kama amesamehewa au binti amechoka tu. Walipofika, Loisi hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa Yoramu, akamkuta akishona kiatu, akamwambia waichukue nyumba. Paa, kuta, na sakafu waichimbe mpaka wafike kwenye ardhi ya Mungu. Yoramu aliachia sindano. Alimshukuru Mola, akamsifu shemeji yake kwa kuona mbali, akasema subira yavuta heri. Loisi aliomba kitu kimoja, chumba cha kujihifadhi na mgonjwa wake. Akapewa chumba cha tofali na bati, jirani na karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya wachimbaji.

Nyumba iliyojengwa na vizazi ilianguka kabla ya chai ya saa nne. Paa lilipokatwa, tabaka zake zilionekana zimelala moja juu ya nyingine: nyeusi za miaka ya samadi nyingi, za kijivu za miaka ya ukame ambapo ng'ombe walikufa. Loisi alizitambua zake. Ile nyembamba iliyopinda ilikuwa ya mwaka aliokandika akiwa na uchungu wa kufiwa, mama mkwe akimshikia ngazi. Ukuta wa chumbani ulitolewa mabonge mabonge. Bonge lenye kishimo lilirushwa kwenye lori pamoja na mengine, likavunjika. Nguzo zilipong'olewa zilikuwa nzima mpaka chini, ngumu kama chuma, hazikuwa na alama ya jino la mdudu yeyote.

Denis alikuwapo, akiandika namba za lori. Loisi alimsogelea, akamuuliza udongo huu ukishaoshwa unakwenda wapi. Kijana alionyesha kwa kalamu upande wa korongo. Unamwagwa kule, alisema. Kulikuwa na kilima kipya cha kijivu, kinang'aa juani, na wanawake wawili wa kijiji cha chini walikuwa wamepiga magoti kando yake, wakijaza ndoo. Loisi alikimbia mpaka kwao akihema, akawaambia wasiuchukue, una sumu, unaua watoto matumboni, na sasa umetiwa nyingine. Walimsikiliza kwa adabu. Yule mkubwa alifuta jasho kwa upindo wa kitenge chake, akasema kwamba nyumba zao zimeliwa na mchwa mpaka darini, na kwamba yeye Loisi ameshauza wake, sasa mbona anawazibia wenzake. Wakatwika ndoo zao wakaenda.

Maisha ya chumba cha tofali yalikuwa maisha ya mtetemo. Karasha iliposaga, mlango ulitetemeka kwenye bawaba, maji yalipiga viduara kikombeni, godoro lilinguruma chini ya mgongo. Ukuta ulikuwa wa saruji tupu. Paskalia aliulamba siku ya kwanza, akatema. Baada ya hapo alilala tu, midomo imekauka, akitazama bati. Loisi alimpikia uji wa uwele, akamtafutia mayai, akamtafutia ubuyu autafune uchachu umwondolee hamu. Aliyafanya yote kwa bidii ya mtu anayezoa maji yaliyomwagika. Kila alipomuuliza mtoto vipi, Paskalia alijibu amecheza kidogo. Kila siku lilikuwa neno hilo hilo, na kila siku lilitoka kwa sauti ndogo zaidi.

Alasiri moja Paskalia alipopitiwa na usingizi, Loisi alikusanya nguo za kufua. Katika pindo la kanga moja ya Paskalia alikuta fundo limekazwa. Alilifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na kipande cha ukuta, cha ukubwa wa tende, kimeng'atwa upande mmoja.

Alikishika kwa muda. Fikra ya kwanza ilikuwa akitupe, akatoka nacho mpaka mlangoni, akatazama nje. Njia ilikuwa ya unga ule ule wa kijivu. Uwanja wa kanisa ulikuwa umemwagiwa unga ule ule, watoto wakicheza mdako juu yake. Miguuni mwake mwenyewe, katikati ya vidole, ulikuwapo. Hakuona mahali ambapo kutupa kungekuwa kutupa. Na hapo, kwa sababu ambayo hakuweza kumweleza mtu, alikipeleka mdomoni akakigusa kwa ncha ya ulimi. Ladha ilikuwa ile ile: mvua ya kwanza, moshi kidogo, na utamu wa mbali ambao ulimfanya akumbuke kila mtoto.

"Mama."

Paskalia alikuwa macho. Alikuwa ameuona mkono wa mama yake na kilichokuwamo, na hakujitetea.

"Nimekudanganya," alisema. "Hajacheza tangu jana."

Loisi alisogea mpaka ukingoni mwa godoro.

"Nikila huwa anaamka, mama, unajua huwa anaamka. Nipe kidogo tu. Nimsikie tu, kisha sitaomba tena."

Mkono wenye udongo Loisi aliuficha nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba sukari. Vidole vilikuwa vimekaza hata kipande kikaanza kumomonyoka kiganjani. Mkono wa pili aliuweka juu ya tumbo la binti yake. Lilikuwa gumu, lina joto. Aliziba pumzi, akafumba macho, akasikiliza kwa kiganja kizima, kwa vile vinundu vyake vyote. Nje lori lilikuwa limeshusha mabonge ya kuta, na vijana wa karasha walikuwa wakiyalisha mashine kwa sepetu. Kikombe cha maji kililia juu ya sakafu.

"Umesikia?" Paskalia alinong'ona.

Kitu kilikuwa kimetikisika chini ya kiganja. Loisi hakujua kama ni mtoto au ni karasha. Alitamani waizime, kidogo tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja, apate kujua. Alibaki ameinama pale, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, akingoja mashine inyamaze, na mashine ikaendelea kusaga.